Jina kwa Msumari

Mimi ndiye niitengenezaye tuzo.
Sijaitwa jukwaani hata mwaka mmoja,
ila kila Agosti ikikaribia Bi Zuhura wa kamati
huja mpaka karakana, hunihesabia elfu mbili na mia tatu,
na kuniambia, "Fundi, mwaka huu isiwe kama sufuria."

Mwaka wa kwanza ilikuwa sufuria kweli.
Wa pili, feni ya lori la Mariakani.
Mwaka huu ni dishi la televisheni
lililoanguka kutoka ghorofa ya nne kule Sparki, mvua ya Mei,
bila kumuumiza mtu, ila meza ya muuza mahamri.
Nikakata humo chombo cha angani,
mabawa mawili na mkia wa samaki,
maana chombo kisicho na mkia, kwangu, hakiendi.

Ukumbi ni wa harusi, Tononoka.
Mapambo ya jana hayajatolewa;
kiti chekundu cha bibi harusi bado kimekaa
na maua yake ya plastiki, na hapo ndipo asimamapo mwimbaji.
Kuna kanzu iliyoshonewa vitufe vya kibodi.
Kuna kijana wa Bombolulu aliyejipaka fedha hadi masikioni.
Kadzo Mwatela, mwendesha kreni bandarini,
amekuja na sare ya kazi:
"Hii ndiyo nguo ya angani. Mimi hushinda juu kuliko nyote."

Mama yangu aliwahi kuja mara moja.
Akasikiliza nyimbo tatu za sayari zisizo na visima
na moja ya roboti aliyepewa talaka,
akaninong'oneza, "Sasa aliyekufa ni nani?"
Hakuna, mama.
"Basi mbona wote mwalia?"

Waamuzi hubishana.
Kama gambusi laruhusiwa.
Kama wimbo wa satelaiti ni bunilizi au ni habari tu,
kwani satelaiti zipo, hata fundi ana dishi.
Mzee Twalibu hutaka vina;
huhesabu mizani kwa vidole, mkono ndani ya koti,
na kwake hata mgeni wa Mirihi akitua daraja la Nyali
sharti aje na nane kwa nane.

Mwaka huu aliimba Mwanamvua Shekue,
mpiga deki wa hospitali moja Ganjoni,
wimbo wa mpiga deki ndani ya chombo kiendacho mbali:
manahodha wamelala miaka mia, wamegandishwa,
yeye peke yake yu macho na tambara lake,
kwa sababu vumbi halilali.
Ubeti wa nne ukampotea.
Akasimama mbele ya kile kiti, mdomo wazi,
jenereta ikikohoa nje,
na ukumbi ukaanza kumtungia:
huyu akatupa mstari, yule akaupokea,
nami kutoka nyuma, kwenye nyaya, nikatupa neno moja:
ndoo.
Likakaa. Kwa Kimvita chetu ndoo hubeba maji,
na ndoo humwita mtu aje.

Tuzo ikatajwa saa tano na nusu usiku.
Huandika jina pale pale, kwa msumari wa inchi tatu,
watu kimya, bati likilia kwenye meno.
Nimeshakwaruza majina saba ya wenzangu
na kila jina nalijua lilivyokaza mkono.
Lake lilikuwa refu. Mkia haukutosha;
Shekue ikapanda bawa la kushoto.
Bi Zuhura akaigeuzageuza.
"Si sufuria," akasema.

Nyumbani Makupa, chumba cha nyuma,
natundika mabati yaliyobaki,
matundu saba, sasa manane,
kila tundu na umbo la kitu kilichokwenda kwa mtu.
Taa ya jirani hupenya humo
ikaangusha ukutani bawa, bawa, mkia.
Wimbo wangu uko kwenye droo, pamoja na vipuri vya redio.
Wahusu nini, sikwambii.
Bado ubeti wa nne.