Bibo Nililolitazama

Walioniuliza, waliuliza habari za barabara.
Trafiki aliuliza kama palikuwa na mchanga.
Palikuwapo. Newala mchanga haukosi,
mwekundu, laini, umejilaza kando ya lami
kama mbwa asiye na mwenyewe.
Muuguzi aliuliza mwendo. Nikapunguza ishirini.
Kaka yangu Mchopa aliuliza pikipiki kwanza, mimi baadaye,
maana marejesho ya ile boksa ni kila Jumatatu,
na Jumatatu haivunjiki mguu.

Nilisema mbuzi.
Siku ya pili nikasema mbuzi wawili.
Kijiwe kizima cha Kitangari kikawalaani mbuzi wa watu.

Ukweli sijawahi kuusema nikiwa nimesimama, kwa hiyo nimekaa:
niliingia kona na mwendo wa barabara iliyonyooka.
Somoe Nambunga nyuma, kiroba cha korosho katikati yetu,
tunawahi mizani ya chama kabla ghala halijafungwa.
Lami ilikuwa wazi. Ilipinda kushoto polepole
kama mtu anayekuonyesha mlango.
Ila ng'ambo, hatua kumi nje ya njia yangu, palikuwa na mkorosho,
nami nikauogopa,
na anayeogopa kitu hukitolea macho.
Nikabana breki ya mbele, yote, kama ninayekamata kuku.
Pikipiki ikasimama wima, ikakataa kupinda,
ikanifikisha pale macho yangu yalipokwisha kufika.

Nilichosikia baada ya kishindo ni korosho
zikibingirika kwenye lami, moja moja,
muda mrefu kuliko nilivyodhani zilikuwa nyingi.

Somoe alivunjika mkono wa kulia, ule wa kubangulia.
Nilikwenda kumwona kwa magongo, kilo ya sukari shingoni.
Hakuuliza mchanga. Hakuuliza mbuzi.
Alisema: "Dadi, ulikuwa unaangalia nini?"
Nikanyamaza.
"Mimi niliuona ule mti unakuja, nikageuza shingo kutafuta njia.
Wewe hukugeuza. Nilikuwa nakitazama kisogo chako,
kimekaza, kama cha mtu anayesoma jina lake ukutani."

Mguu ulipounga, mabibo yalikuwa yanaoza chini ya miti.
Nikaokota kumi na mawili, nikayapanga uwanja wa shule
alfajiri, kabla ya namba, nikawasha pikipiki ya kuazima.
Bibo nililolitazama nililipasua.
Nikarudia. Nikajiambia, usilikanyage lile la manjano,
nikalikanyaga lile la manjano.
Watoto wenye mafagio walicheka mpaka wakakaa.
Hadi nilipoacha kuyahesabu mabibo
nikatazama nafasi iliyo baina yao, udongo mtupu,
tairi likapita humo kama maji.
Mkono nao ulikuwa na lake la kunifundisha:
ukitaka kwenda kushoto, sukuma usukani wa kushoto, mbele,
kidogo tu. Akili inabisha. Pikipiki inakubali.

Leo mwendo naumaliza nje, ningali wima.
Kona si mahali pa kujadiliana;
ukishaingia, umeshajibu.
Kidevu nakipeleka mwisho wa pindo,
mwili unafuata, mzigo unafuata,
na siku Somoe alipopanda tena, baada ya miezi minane,
mkono wake usionyooka umeshika shati langu,
nilihisi mgongoni shingo yake ikigeuka pamoja na yangu.
Hatukusema kitu. Alinilipa nauli kamili, nikaikataa,
akaiweka juu ya tangi akaondoka.

Mbuzi niliwaombea radhi kijiweni. Wamenicheka, basi.
Marejesho bado. Mchopa bado ananuna kila Jumapili jioni.
Na ile kona imepata jina: abiria husema, "Nishushe kwa Dadi,"
wengine hawajui kwamba Dadi ndiye anayewaendesha.

Wanasema kovu la ule mkorosho limefunga,
na mwaka huu umezaa sana upande ule ule.
Huenda.
Napita pale mara nne kwa siku. Sijauona.