Mwambie

Zahanati ipo ghorofa ya pili, Mtaa wa Rufiji,
juu ya duka la nyavu.
Mimi ndiye Nkwimba wa mapokezi:
naandika majina, nachemsha sindano,
napangusa vumbi kwenye picha ya mwili uliochorwa mistari.

Daktari anaitwa Ri.
Jumanne moja mama mmoja akapanda ngazi, mkono kiunoni;
anachimba visima huko Magu.
"Jina?"
"Andika I. Herufi moja tu."
Akaliona jina la daktari mlangoni, akasimama.
"Ni jina lilelile," akaninong'oneza.
"Kwetu kusini r ilidondoka. Kwao imebaki."
Nikacheka. Sisi Wasukuma r na l tunazichanganya tangu utotoni,
na hakuna aliyetuwekea seng'enge kwa hilo.

Hawakusemeshana kwa lugha yao.
Huku kuna sheria, na huko kuna sheria,
na chumba cha pili yupo mwenzake daktari,
mtu wa masikio.
Basi wakapitia kwangu.

"Mwambie mgonjwa alale kifudifudi."
"Mwulize daktari anatoka mji gani."
Kimya. Honi ya kivuko cha Kamanga.
"Mwambie Hamhung."
"Mwambie mama yangu alizaliwa huko.
Mwambie alikufa akiuliza kama mto bado unaganda."
"Mwambie unaganda.
Mwambie watoto wanavuka kwa miguu."

Walikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo,
wanasikiana vizuri,
nami narudia neno kwa neno kama mwendawazimu,
naona haya, narudia.

Jumanne ya tatu akaja na hotpoti:
mchuzi wa dagaa wa Mwaloni, haukutiwa nyanya.
"Mwambie kuna mtu kasahau chakula."
Akanywa nyuma ya pazia. Nilisikia kijiko kikikwangua.
Chombo hakikurudi kitupu:
tangawizi, imekatwa vipande vyembamba
kama kucha za mtoto.

Kisha daftari.
Yeye na wenzake kule Seoul, walimu wastaafu, wauza maua,
mwaka wa kumi na tisa huu wanakusanya majina
ya ndugu waliopotezana.
Wameandika barua kwa wakubwa mpaka wino umewachosha.
Akalala kifudifudi, daftari sakafuni chini ya uso wake,
akasoma polepole,
majina matupu.
Majina hayana Kiswahili.
Nikakosa kazi, nikashika trei.

Sindano ya kwanza. Ya pili. Ya tano.
Jina la arobaini na moja,
mkono wa daktari ukaganda hewani.
Chini dukani mtu anabishania bei ya kamba.
"Nkwimba," akasema, kwa sauti nisiyoijua,
"mwambie arudie."

Nikafungua kinywa.
Mama alishaanza kurudia.