Kifungo cha Nne

Duka la shangazi Bogumiła haliuzi kitu ila vifungo.
Droo mia tatu na kumi na mbili:
vya pembe, vya shaba, vya kioo, vya mfupa,
vya plastiki ya enzi ambayo kila koti lilikuwa la kijivu.
Mtaa wetu hapa Łódź una baridi ya kung'ata masikio,
na tramu ikipita droo zote hutetemeka
kama meno.

Majira yale ya baridi tuliuza vifungo kumi na kimoja kwa wiki.
Nikamwambia: Shangazi, kizuri chajiuza, ndiyo,
ila hiyo ilikuwa zamani, watu wakipita kwa miguu.
Siku hizi hata kizuri sharti kijitembeze.
Nikamfungulia ukurasa kwenye simu,
nikaandika kwa herufi nyekundu: PUNGUZO! PUNGUZO!
Waliopenda ni wanne. Mmoja mimi, mmoja mama.

Akanipokonya simu.
Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu,
kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba asiyoijua:
"Hiki kilikuwa cha koti la mfanyakazi wa reli.
Tazameni tundu la kushoto lilivyolika.
Nani alikuwa akikivuta hivi, na alikuwa akimngoja nani?"
Bei hakuweka.

Asubuhi tukakuta majibu sitini.
Mwanamke wa Białystok: baba yangu alivuta vyake
kila treni ilipochelewa, mama akimgombeza.
Mtoto mmoja: kwa nini matundu ni manne, si matatu?
"Vya matatu vipo, droo ya mia na sita. Njoo."
Akawajibu wote, mmoja mmoja,
supu ya bitiruti ikikauka jikoni.

Hata yule aliyetukana, Ireneusz,
kwamba vifungo vyetu ni takataka, chake kimepasuka.
Mimi ningemfuta. Yeye akamuuliza:
"Kilipasukia wapi, pole, na ulikuwa unafanya nini?"
Alikuwa anabeba jiwe la kaburi.
Akatumiwa viwili, vya shaba, bila malipo.
Wiki iliyofuata akaja mwenyewe, uso chini,
akanunua kumi na viwili ambavyo hakuvihitaji.

Kisha Bwana Gracjan wa Radom akatuma picha.
Koti la kike, kijani, limening'inia mlangoni.
Vifungo vitatu. Pa cha nne, uzi tu.
"Sitaki kuliuza, wala hakuna wa kulivaa.
Nataka lifungike."

Usiku mbili shangazi alipekua droo
miwani ikimteleza puani. Hakuna.
Siku ya tatu akajitanda shali, akavuka barabara
hadi kwa Wacława, mwenye duka la mkabala,
ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na tisa
kwa sababu ya ngazi iliyoazimwa.
Sijui walisemezana nini. Nilikuwa dirishani,
nikaona mikono ikirushwa, kisha kiti kikivutwa.
Aliporudi akaandika, watu wote wasome:
"Kipo. Si kwangu. Kwa Wacława, ng'ambo. Zloti mbili."

Nikafoka: Umempa adui mteja wetu!
"Nimempa mtu kifungo," akasema.
"Kwani unadhani kifungo ni cha kumzuia mtu asitoke?
Ni cha kushikanisha pande mbili, upepo usipenye.
Hebu nisogezee hiyo taa."

Gracjan hajawahi kununua kwetu hata kimoja.
Ila Jumapili huandika: Theluji imefika huko?
Naye humjibu, kwa kidole kile kile,
imefika, imeziba mlango, na wewe umekula?
Wacława naye hutuletea watu,
akiwasukuma mgongoni kama kondoo, bila kutusalimu vizuri.

Mimi ndiye ninayeandika daftari.
Mauzo ya wiki hii: thelathini na vinane.
Sufuria zilizoungua: mbili.
Ni saa tano usiku, tramu ya mwisho imepita,
duka limefungwa,
na dirishani kuna mwanga mdogo wa buluu
na shangazi akitafuta herufi ya P.