Namba Tasa

Shangazi Ndeanasia alikuwa karani wa mizani kule Uru.
Ukurasa ukijaa alijumlisha kilo za kahawa,
akaongeza baki ya ukurasa uliotangulia,
akagawa kwa tisini na saba,
na kilichosalia akakiandika juu ya ukurasa mpya, kwa wino mwekundu,
kama mtu aungaye kamba kwenye ncha ya kamba.

Ukurasa wa arobaini: elfu moja mia tatu sitini na nane.
Baki ya nyuma, hamsini na mbili.
Gawa. Sitini na mbili.
Haya, fungua wa arobaini na moja.

Msimu ule mtu aligeuza moja ya Aminieli ikawa saba;
kilo kumi na mbili zikasimama sabini na mbili.
Kalamu ileile, mkono mtulivu.
Shangazi akagawa upya: ishirini na tano.
Akafunua mbele kurasa kumi na tisa,
zote zinamtaja marehemu.
Mwizi aligusa tarakimu moja.
Alipaswa kugusa kitabu kizima,
na nakala ya Mawela,
na ile iliyofungiwa kabatini parokiani.

Niliporudi kutoka chuo nikamwambia:
pale Moshi mjini vijana wanalipia semina kufundishwa hili,
wanaliita mnyororo wa vitalu.
Aliendelea kuchambua maharage.

Sitini na mbili haikuambii ilitoka kilo ngapi.
Unga wa kahawa nao haukumbuki mti.

"Kwa nini tisini na saba, shangazi?"
"Ni tasa. Haigawanywi na mtu.
Ukoo mzima uliniita hivyo hivyo,
nikaona bora jina hilo lifanye kazi."

Ndipo nikamfunulia tundu, macho yangu chini:
ongeza hamsini kwa huyu, arobaini na saba kwa yule;
jumla inanenepa,
baki imekaa palepale, inakutazama.

Harage moja bovu. La pili.
"Umelijua tangu lini?"
"Kidato cha tatu."
"Na hukuiba."
"Sikuwa na kahawa."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika.
Kisha, taratibu:
"Tasa kubwa kuliko hii zipo?"
"Zipo. Hazina mwisho."

Akafuta mikono kwenye kanga,
akaitafuta kalamu nyekundu.
"Nitajie moja. Polepole, niandike."