Pete ya Kumi na Tatu

Walikuja na mnyororo ndani ya mfuko wa unga,
Mwalimu Tsofwa na wajumbe wawili wa kamati,
wakaumwaga juu ya meza yangu ya kuchomelea
kama dagaa wa kupimwa.

"Fundi Kache, tuambie. Nani kamwangusha Sidi?"

Mkono wa Sidi u ndani ya plasta hadi kiwikoni.
Bembea ya shule, hapa Shela ya Malindi,
hatua themanini kutoka ufukweni,
haijatimiza miaka mitatu.

Athmani aliyeiuza anasema: wavulana wa gredi ya nane,
majitu yaliyoota ndevu, hupanda wawili wawili.
Mwalimu anasema: chuma bandia,
na hewa ya hapa hula hata misumari ya paa.
Kila mmoja kaushika ukweli wake
kama rungu.

Nikavaa miwani. Nikapangusa kwa mafuta ya taa.
Pete ya kwanza, ya pili, ya saba:
ubavuni kutu nyekundu, nene, ya kubanduka,
inachukiza macho,
lakini kalipa yasema chuma bado kipo.
Pale pete inapolalia pete,
panapong'aa kama kijiko cha mgeni,
ndipo palipobaki wembamba wa njiti.

Kutu ikiachwa itulie hujitandika,
na aliye chini ya blanketi huugua polepole.
Lakini kengele ya saa nne ikilia
mtoto anapanda, pete zasuguana, blanketi lachanika,
chuma ki uchi mbele ya chumvi.
Usiku umande unatandika jingine.
Saa nne tena.

Ya kumi na tatu ndiyo iliyokatika.
Nikaigeuza kwenye mwanga wa mlango:
robo tatu ya jeraha nyeusi, robo kijivu kibichi.
Nyeusi ni miezi.
Kijivu ni Jumanne.
Ulianza ufa, unywele tu.
Bembea ikipaa, unafumbuka;
bembea ikirudi, unafumba na kilichoingia.
Funda. Funda. Mtoto anacheka, funda.

"Basi ni chumvi," mwalimu akadakia.

Nikawauliza juu ya mnyororo wa pili,
ule uliokatikiwa kibao wiki ya kwanza,
unaoning'inia boriti ileile, upepo uleule, haupandwi.
Mwekundu kama tumbaku ya kutafuna,
lakini hauna pete hata moja iliyolika.
Na kule Langobaya, kwa wifi yangu, bara pakavu,
bembea ya Athmani huyohuyo
hupandwa na watoto watatu na mbuzi.
Ingali nzima.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hawakufurahi. Walitaka jina la mtu mmoja
wa kulipa hospitali. Fomu yao
ilikuwa na mstari mmoja tu: *Sababu.*
Niliujaza, nikapanda pembeni,
nikamalizia nyuma ya karatasi.

Jioni Sidi alikuja mwenyewe, plasta imejaa michoro,
akaiomba ile pete iliyokatika.
Nikampa. Akauliza mpya itafungwa lini,
na kama atajua mapema itakapokuwa mbaya.
Nikamwambia nitakuja na kalipa kila muhula;
katikati hapo, yeye awe jicho langu.

"Nitafute kutu?"

Kutu utaiona tu.
Wewe nitafutie panapong'aa.