Chumvi ya Safari ya Tatu

Barua ya chuo ilisema wiki nane.
Fundi Nandonde aliishika chini juu,
akairudisha, akanipa karai.
"Umesomea uashi? Haya. Maji yako kule."

Kule ni kisimani kwa Binti Hokororo,
ndoo arobaini kabla ya chai, na kilima.
Wiki ya kwanza mwiko niliujua
kama nyama ya jirani: harufu tu.

Wanaume watano na mimi, Somoe,
ovaroli la chuo limenizidi mabega,
buti za kaka zimeshindiliwa magazeti.
Mkwinda, saidia fundi, akauliza
kama nimekuja kuwapikia.
Sikumjibu. Nilibeba tofali mbili mbili
mpaka akaacha kuhesabu.

Wiki ya tatu nikapewa kozi moja, ya ndani,
mahali patakapofichwa na kabati.
Nikafunga uzi, nikatandika mota,
nikagonga kwa mpini, taratibu,
mpaka povu la pimamaji likatulia.
Fundi hakusema vizuri, hakusema vibaya.
Aling'oa tofali la nne,
akalirudisha palepale.
Mpaka leo sijui lilikuwa na kosa gani.

Kitabu cha mafunzo kina safu mbili.
Kazi iliyofanyika: kukunja ringi za nondo.
Ujuzi uliopatikana: kukunja ringi za nondo.
Safu ya viganja hakina.
Saruji hula katikati ya vidole;
usiku nilijipaka mafuta ya nazi
na kalamu ikawa inateleza.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Likapa wa korosho,
vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani.
Mnada ulishapita, pesa haijaingia.
Kila jioni alikuja na simu kiganjani:
"Wanasema Ijumaa."
Ijumaa ipi, hakuna aliyemuuliza.
Ndipo lori likaanza kuja usiku
na mchanga mweupe, laini, nusu bei.

Safari ya tatu niliukuta umemwagwa alfajiri,
una ubaridi, umeng'ang'aniana.
Darasani tuliambiwa nondo haiogopi mzigo,
inaogopa chumvi.
Nikachota kidogo, nikaweka ulimini.
Ilikuwa bahari,
na kipande cha kombe kikanikwama jinoni.

"Mwanafunzi anakula mchanga!" Mkwinda akapayuka.
"Jamani, hiyo mimba!"
Wakacheka wote. Fundi hakucheka.
Akalamba naye, akatema,
akatazama nguzo ya kona, ile ya barazani,
tuliyoimwaga Jumanne kwa mchanga wa mwanzo.
"Huu urudi ulikotoka."
"Na ile?" nikauliza.
Akavua kofia, akaikung'uta,
akaivaa tena.
"Ile imeshashika."

Siku nne tulikaa bila kazi
tukisubiri mchanga wa mtoni.
Mzee Likapa alipita, hakutusalimia.

Msimamizi wa chuo alifika wiki ya saba,
kwa bodaboda, mwekundu wa vumbi mpaka kope.
Akauliza uwiano wa zege, nikautaja.
Akanipiga picha nimeshika timazi,
akaandika kumi na saba kwa ishirini.
Habari ya chumvi hakuuliza,
nami nilizitaka zile kumi na saba.

Sasa nyumba ina bati la bluu na mapazia.
Nikipita Mangamba, mke wa Mzee Likapa
haniachi niende hivi hivi:
"Huyu ndiye aliyejenga kwetu!"
Ananikalisha barazani, anashusha sahani ya ming'oko.
Namenya polepole. Mkono wa pili, wenyewe,
unapapasa plasta ya nguzo nyuma yangu,
unatafuta ufa mwembamba kama uzi, doa la kutu.
Bado hakuna.

"Mwanangu, mbona unakula hivyo?" anasema.
"Chumvi hiyo hapo. Weka."