Dadu Moja kwa Meza Zote

Okumbe alitoka Kakamega kwa basi la usiku,
chapati zake zimefungwa kwa gazeti la juzi.
Saa tatu asubuhi aliketi meza ya nne,
saa tatu na dakika arobaini akasimama.
Sita-sita, mara mbili mfululizo,
kutoka mkono wa kijana aliyejifunza mchezo Desemba.

Mtoano ndiyo sheria: ukishindwa, toka.
Lakini basi la kurudi ni saa mbili usiku
na mvua ya Ngara haimpi mgeni kibaraza.
Akakaa dirishani mchana kutwa,
akihesabu kete za wenziwe
kama mtu aliyefika harusini akakuta sufuria tupu,
akaombwa asaidie kuziosha.

Mimi ndiye mwandika ratiba.
Chumba chetu kiko juu ya duka la Virani la vifungo na zipu:
meza nane, chupa tatu za chai,
choo kimoja chenye ufunguo tunaoupoteza kila wiki.
Jina la Okumbe nililiandika mimi, kwa penseli.
Nililikata mimi, kwa kalamu.

Usiku huo, nyumbani Pangani,
niligeuza bili ya maji nikaanza kuchora upya.

Ligi, kila mtu na kila mtu?
Watu kumi na sita, michezo mia na ishirini;
tungemaliza vifungo vya Virani vimeota kutu.
Maisha mawili, basi: ukianguka ngazi ya mbele
unapandia ya uani.
Au aliyeshinda akutane na aliyeshinda,
aliyelala na aliyelala,
raundi tano, asitumwe mtu dirishani.
Hiyo niliipigia mstari.
Kisha nikasita,
maana ndani yake bado ilikaa ile sita-sita,
imekunja miguu, inangoja.

Binti yangu Mutheu, mswaki mdomoni, akauliza:
"Kwani lazima kila meza iwe na dadu zake?"

Jumamosi iliyofuata tulizikusanya zote kwenye kopo la kakao.
Tukabakiza mbili.
Nasteho, auzaye vitambaa Eastleigh
na ambaye sauti yake haijawahi kuomba kipaza,
alipanda juu ya kreti ya soda, akatikisa, akamwaga:
"Tano-mbili!"

Meza nane zikasikia neno lilelile,
kila moja ikalielewa kivyake.
Huyu alikimbia. Yule alijenga ukuta.
Virani akaacha kete moja uwanjani
kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.
"Nne-nne!"
Ule mguno wa kawaida haukutoka.
Ungemgunia nani? Jirani kapewa hizohizo.

Mwishoni tukalinganisha weupe na weupe, weusi na weusi,
nani alipika nini kwa unga uleule.
Okumbe hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tisa.
Alisoma karatasi, akairudia, kidole chini ya jina:
"Wa tisa," akasema. "Sawa."

Virani, wa kumi na tano, alifunga kifuniko cha chai
kwa nguvu isiyohitajika.
"Miaka ishirini nimeshindwa na dadu.
Leo nimeshindwa na Virani.
Mama ratiba, umeniibia kisingizio,
na ndicho nilichokuwa nakilipia ada."

Tukapiga kura.
Raundi tano zilipita bila ubishi.
Dadu moja kwa wote ilianguka, tisa kwa saba.
Na kati ya ile mikono tisa niliuona wa Okumbe,
umenyooka.

Nilimfuata ngazini, kopo la kakao likilia kwapani.
Kwa nini wewe, kati ya watu wote?
Alikuwa akivuta kofia juu ya masikio.

"Njia ni saa nane," akasema, "na taa za basi huzimwa Naivasha.
Mtu gizani anahitaji kitu cha kulaani
ambacho si yeye."